Kamba ya simu na kamba ya mtoni

Wiki iliyopita tuliahidi kuzungumza juu ya usafi wa madaftari ya watoto. Tunaomba ruhusa tuyaweke madaftari kando kwa wiki moja, maana limetokea jambo ambalo haliwezi kungoja.

Wengi wenu mmekwisha kusikia. Mtoto mmoja wa shule yetu, mwenye miaka 10, alianguka mtoni siku ya Alhamisi, mchana, baada ya masomo. Alikuwa na wenzake watatu. Karibu na mahali tunapofulia nguo kuna mti mkubwa ulioinamia maji, na kwenye mti huo ilining'inia kamba ya pori, nene kama kidole gumba cha mtu mzima. Watoto walikuwa wanasimama juu ya ukingo, mmoja anaishika kamba, anajirusha, inambeba mpaka kwenye mchanga wa ng'ambo. Wa kwanza alivuka. Wa pili alivuka. Yeye mwenyewe alivuka, akarudi. Alipojirusha tena, kamba ilikatika akiwa katikati, akaangukia mawe. Mkono wa kuume ukavunjika, juu kidogo ya kifundo.

Mama yake hakuwa na pesa siku ile. Aliuza gunia la mpunga alilokuwa ametunza kwa mbegu, akampakia mtoto kwenye pikipiki, wakaenda Kasongo. Leo tunapoandika mkono umefungwa vizuri, mtoto anakula, anacheka. Tunamshukuru Mungu. Lakini wakati wa kupanda unakaribia, na ndani ya nyumba ile mbegu hakuna.

Mama alipomwuliza mtoto kwa nini alifanya hivyo, mtoto hakutafuta uongo. Alisema: "Mama, kwenye simu kamba haikatiki hata siku moja."

Neno hilo ndilo lililotuletea mabishano katika mkutano wa Jumamosi. Mama mmoja alisimama akasema simu ndiyo iliyovunja mkono wa mtoto, twende wote kwa mwenye kibanda cha simu, afunge mchezo wake leo hii. Mama mwingine, mtu mzima kuliko wengi wetu, akamjibu kwamba yeye mwenyewe alibembea kwenye kamba za pori tangu utoto, na wakati huo simu hazikuwako. Akasema ubaya hauko kwenye simu, uko kwa wamama wa siku hizi wasiojua watoto wao wako wapi. Basi sauti zikapanda. Wengine walianza kukumbushana mambo ya mwaka jana.

Ndipo Mama Prezida akagonga meza na kuuliza swali moja tu: "Kati yetu sisi wote, nani ameuangalia mchezo huo kwa macho yake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Sisi walimu vilevile hatukuinua. Kwa hiyo tulitumwa pamoja na wamama wawili, twende tuone, tuulize, kisha tuandike hapa. Hii ndiyo taarifa yetu.

Tuliyoyaona kibandani

Kibanda ni cha kuchaji simu kwa umeme wa jua. Mwenye kibanda ni kijana mwenye adabu. Alitupa viti, akatueleza kazi yake bila kuficha. Mtoto analipa franka 200 kwa zamu moja ya kucheza. Tulihesabu watoto 11 kwenye simu moja, wote wavulana. Mmoja anacheza, 10 wanaangalia na kupiga kelele.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ndani ya kioo kuna mtu mdogo anayekimbia porini. Mbele yake kuna mashimo, kuna magogo yanayoviringika, na mwisho kuna bwawa lenye mamba. Bwawa ni pana, miguu peke yake haimvushi. Juu ya bwawa kuna kamba inayokwenda huku na huku bila kusimama. Mchezaji anagusa kioo wakati kamba inapomkaribia, mtu mdogo anaruka na kuishika. Akiguswa tena, anaiachia upande wa pili. Akiruka mapema, anakosa kamba. Akichelewa, kamba imekwisha kwenda. Akiiachia mapema, mamba wanamla. Amepewa maisha matatu. Yote matatu yakiisha, zamu imekwisha na franka 200 zimekwenda.

Tukajaribu. Mama mmoja kati yetu anauza mawese sokoni, na hakuna aliyewahi kumdanganya hesabu hata ya franka 50. Mamba walimla mara tatu kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Sisi tulifuata, tukaliwa vilevile. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha mvulana mmoja akatusogelea. Huyu tunamfundisha, darasani hawezi kutulia kwenye benchi dakika tano, na hajawahi kungoja mwenzake amalize kujibu. Alituambia kwa upole: "Madamu, usiifuate kamba. Iache, itarudi yenyewe."

Tulitazamana. Mwaka mzima tumejaribu kumfundisha mtoto huyu kungoja. Kumbe anajua kungoja, ila hatukujua anakojifunzia.

Tulipokuwa tungali pale, alifika msichana wa miaka 9 hivi, ana bidoni la maji kichwani, ametumwa kumwita kaka yake. Kaka akampa simu kwa kumtania. Msichana alishusha bidoni, akaishika simu, akaitazama kamba bila kugusa kitu. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda kidogo huku na huku. Kamba ilikuja na kurudi mara tatu. Mara ya nne akagusa, akavuka. Bwawa la pili akavuka. La tatu akavuka. Wavulana wote wakanyamaza kimya.

Tulimwuliza alijifunza wapi. Akasema: "Sijacheza hata siku moja. Iko sawa na kamba yetu ya uwanjani."

Alikuwa anasema juu ya mchezo wa kuruka kamba, ule tulioucheza sisi wote. Wasichana wawili wanazungusha kamba, wa tatu anasimama pembeni, anaisikiliza inavyopiga chini, kisha anaingia katikati bila kuguswa. Kamba ni kizuizi chake, na kamba hiyohiyo ndiyo furaha yake. Kisha msichana alirudisha simu, akapandisha bidoni kichwani, akaenda, kwa sababu nyumbani maji yalikuwa yanangojwa. Kaka aliyeitwa alibaki kibandani. Jambo hilo tuliliandika katika daftari letu, na tutalirudia.

Michezo hii ilianza zamani

Baadhi yenu mtadhani michezo ya namna hii imetungwa juzi. Hapana. Kamba ile juu ya mamba ina zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1982 Mmarekani David Crane, wa kampuni ya Activision, alitunga mchezo ulioitwa Pitfall! kwa mashine ya Atari 2600 iliyounganishwa na televisheni. Ndani yake mtu anaitwa Pitfall Harry. Anakimbia porini kutafuta hazina 32, amepewa dakika 20 na maisha matatu, na pori lake lina sehemu 255 zinazofuatana. Mashimo, magogo, nge, mamba na kamba za kubembea, vyote vilikuwamo tayari.

Mwaka huohuo wa 1982 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa mtu anayeruka kutoka kamba moja hadi nyingine kati ya miti. Jina lake la kwanza lilikuwa Jungle King, likabadilishwa kuwa Jungle Hunt. Tena mwaka huohuo Nintendo, nayo ya Japani, ilitoa Donkey Kong Junior. Huo tuliupenda zaidi tuliposikia habari yake: mtoto wa sokwe anapanda kamba na minyororo ili amfungue baba yake aliyefungiwa ndani ya tundu. Akishika kamba mbili, moja kwa kila mkono, anapanda haraka. Akishika moja, anapanda polepole lakini anateremka haraka. Na mwaka wa 2013 mchezo wa Temple Run 2, unaochezwa kwenye simu, ulileta waya: mkimbiaji anajining'iniza juu ya bonde na kuteleza mpaka ng'ambo.

Kwa nini watungaji wanaipenda kamba? Tulifikiri hivi. Shimo limetulia, ukiisha kulipima kwa macho, unajua upana wake. Kamba haitulii. Inamlazimisha mchezaji apime mahali na apime saa kwa wakati mmoja. Inamzuia, lakini pasipo hiyo hatavuka. Ndiyo maana mtoto anaweza kuitazama nusu saa bila kuchoka, na ndiyo maana hatutasema kwamba mchezo huo ni upumbavu mtupu. Unafundisha jicho, unafundisha kungoja, unafundisha kujaribu tena baada ya kushindwa.

Lakini kuna kitu ulichokiacha. Katika pori la simu hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mama anayefua nguo. Kamba inaning'inia tu, na hakuna anayejua nani aliifunga, lini, wala imefungwa kwenye nini. Haizeeki, hailoi mvua, haiingiwi na mchwa. Kwetu kamba ina mwenyewe. Mkata ngazi anayepanda mti wa mawese anaitazama kamba yake ya kiunoni kabla mguu wake haujaondoka chini, kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa nzima. Anayejenga nyumba anajua kamba ipi ya pori inashika na ipi inakatika ikikauka. Wazee wetu waliosuka vilalo vya kamba juu ya mito walijua kwamba kilalo hakisukwi mara moja kikaachwa. Kamba zilizozeeka zinatolewa, mpya zinatiwa.

Elimu hiyo iko hapa hapa kijijini, wala haihitaji betri. Ila hatujawapa watoto wetu. Tumewaacha wajue kamba ya simu peke yake.

Kwa nini kamba ilikatika

Hapa mtuvumilie kidogo, maana mwalimu akikosa ubao anaumwa.

Chukueni uzi na jiwe dogo, jioni hii, pamoja na watoto. Fungeni jiwe kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, muutundike, mulisukume kidogo. Hesabuni kwenda na kurudi mara 10. Mtaona ni karibu sekunde 20, yaani sekunde 2 kila mara. Sasa badilisheni jiwe, mtie zito zaidi. Saa haibadiliki. Kisha punguzeni uzi uwe sentimita 25. Sasa ni sekunde 1. Na kamba ya mita 4, kama ile ya mtoni, inatumia sekunde 4 kwenda na kurudi. Mwendo wa kamba unafuata urefu wake; uzito wa mtu haubadilishi kitu. Msichana wa bidoni alilijua hilo kwa kichwa chake bila kuhesabu.

Basi watoto wetu walidhani hivi: mwenzangu mwepesi amevuka, mimi nitavuka vilevile, kamba inakwenda sawa kwa wote. Kuhusu saa, walikuwa na haki. Kuhusu nguvu, hawakuwa na haki.

Mtoto huyu ana kilo 30 hivi. Akijining'iniza kimya, bila kubembea, kamba inabeba kilo 30. Watoto walituambia kwamba waliijaribu kamba kwanza: waliivuta kwa mikono, wakajining'iniza, ikashika. Lakini mtu anayebembea si mtu anayening'inia. Akianzia mahali palipoinuka kwa nusu ya urefu wa kamba, basi anapopita chini kabisa kamba inavutwa kama kwa kilo 60. Akianzia juu zaidi, mpaka kamba imelala sawa na ardhi, anapopita chini inavutwa kama kwa kilo 90, mara tatu ya uzito wake. Na chini kabisa ni wapi? Ni katikati ya mto, penye mawe. Kwa hiyo kamba inakatika mahali palepale ambapo mtoto hawezi kurudi wala kufika.

Jumapili tulikwenda na mkata ngazi mmoja kuutazama mti. Alipanda akateremsha kipande kilichobaki juu. Kwa nje kilikuwa na rangi nzuri. Alipokipasua kwa kisu, ndani kilikuwa kimeoza, kinatoka unga. Alituonyesha tena mahali kamba ilipokuwa inasuguana na tawi: ilikuwa imelika mpaka nusu. Kila mtoto aliyevuka alikuwa anaikata kidogo. Yule wa mwisho ndiye aliyemalizia kazi ya wenzake.

Na hapa, wamama, tunasema jambo lisilotupendeza. Kamba ile sisi tulikuwa tunaiona. Tulipita chini yake na mabeseni yetu ya nguo tangu kiangazi. Siku moja tuliwaona watoto wanabembea, tukasema ndani ya moyo, huyu si wetu, mama yake atamwambia. Mama yake naye labda alipita akasema vilevile juu ya watoto wetu. Kwa hiyo tusimwendee mwenye kibanda kana kwamba yeye peke yake ana deni.

Mambo tunayoyapendekeza

Tulipeleka habari hizi kwa Mama Prezida na kamati. Tumekubaliana juu ya mambo haya, na tunaomba kila kikundi kiyazungumze.

La kwanza, kamba zote za pori zinazoning'inia juu ya maji mahali pa kufulia na pa kuchotea zikatwe. Mkata ngazi aliyetusaidia amekubali kufanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi. Tunaomba wamama watano waende naye, mmoja wao abebe chakula chake.

La pili, tusiwanyang'anye watoto kubembea. Tukikata kamba zote na kunyamaza, watatafuta nyingine mbali zaidi, mahali ambapo hakuna anayefua. Tutafunga bembea moja karibu na uwanja, kwenye tawi bichi na nene, chini pawe mchanga, pasiwe na jiwe wala kisiki. Kamba iwe mpya na nene. Kabla mtoto yeyote hajaipanda, watu wazima wawili watajining'iniza pamoja na kubembea. Kila Jumatatu itakaguliwa kwenye fundo na mahali inaposuguana na tawi. Ikianza kulika, inatolewa, hata kama watoto wanalia.

La tatu, mkata ngazi atakuja shuleni. Tutampa saa moja ya somo, awaonyeshe watoto namna ya kuitazama kamba, kuipinda, kuinusa, kuisikia inavyolia ikivutwa, na namna ya kufunga fundo lisilofunguka. Wakati huo sisi tutawafundisha hesabu za uzi na jiwe. Mvulana asiyekaa kwenye benchi ndiye atakayeshika saa.

La nne, tumezungumza na mwenye kibanda. Amekubali watoto wasicheze wakati wa masomo wala baada ya jua kuzama. Sisi kwa upande wetu tuulize franka 200 zinatoka wapi. Mtoto anayecheza zamu moja kila siku kwa siku sita ametumia franka 1,200. Kama mzazi amempa, ni sawa. Kama hakuna aliyempa, basi kuna mazungumzo mengine ya kufanya nyumbani, bila fimbo, lakini yafanyike.

La tano ni lile tuliloliandika katika daftari. Wavulana 11 kibandani, msichana mmoja na bidoni. Hatusemi wasichana waende wakapoteze pesa. Tunasema kwamba kama mchezo unafundisha jicho na kungoja, na kama nafasi ya kucheza ipo, basi isiwe ya mmoja huku maji yote yakiwa ya mwingine. Kaka anaweza kuchota maji Jumatatu, dada Jumanne. Mgongo wa mvulana hauvunjiki kwa bidoni.

La sita, mtoto akianguka. Tulimwuliza mganga wa kituo cha afya, naye alitueleza hivi. Mkono uliovimba au uliopinda usivutwe, usikandwe, usinyooshwe na mtu yeyote wa jirani. Uacheni ulivyo, uwekeni ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa, ufungwe polepole na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa, kisha mwende. Kama mtoto amegonga kichwa, akatapika, akasinzia kupita kawaida, au akasema mambo yasiyoeleweka, msingoje asubuhi. Na kama anasema shingo inamwuma au hasikii miguu, asiinuliwe wala kubebwa mgongoni. Alale palepale, kichwa kishikwe kisitikisike, mpaka watu wafike na ubao wa kumlaza.

Na mbegu

Linabaki jambo la mama aliyeuza gunia. Yeye hakuomba kitu. Alipokuja mkutanoni alikaa nyuma, na maneno yaliposemwa juu ya wamama wasiojua watoto wao wako wapi, aliinamisha kichwa. Tulimwona. Mama mtu mzima aliyesema maneno yale naye alimwona, na baada ya mkutano alimfuata njiani. Waliyoongea ni yao.

Kamati inaomba kila mama wa chama alete kopo moja la mpunga wa mbegu kwenye mkutano wa Jumamosi ijayo. Asiwe na haya yule anayeleta nusu kopo. Na aliye na karanga za mbegu asiziache nyumbani. Gunia lina makopo mengi, lakini sisi nasi ni wengi. Tukifanya hivyo, shamba la mtoto huyu litapandwa pamoja na mashamba yetu, si nyuma yake.

Jana jioni tulikwenda kumsalimu. Alikuwa amekaa nje, mkono umefungwa, anajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zinaanguka kila upande, lakini alikuwa amejaza ukurasa mzima. Alituuliza bembea itafungwa lini. Tulimwambia itafungwa Jumamosi, ila yeye atangoja mpaka mkono upone. Akauliza tena, nani ataikagua siku za Jumatatu. Tukamwambia mkata ngazi anatafuta mtoto mmoja wa kumsaidia, mtoto anayejua vizuri kamba inakatikia wapi.

Alifikiri kidogo, akasema kazi hiyo anaitaka.

Mtujibu kupitia kwa viongozi wa vikundi vyenu kabla ya Ijumaa, mtuambie mmekubali yapi na mmekataa yapi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye madaftari kama tulivyoahidi. Mkae salama.